Mama Anakusalimu Sana

Wodi ya Wanawake,
Hospitali, Kibaha.
28 Mei 1979

Wifi yangu Mwanahalima,

Barua yako Kondo hakuniletea, alinirushia. Lori lake linatembea, mimi nimesimama dirishani, nikaidaka kwa mkono uliokuwa na bomba la sindano. Ashukuriwe Mungu bomba lilikuwa tupu. Nimeisoma yote, pamoja na yale maneno ya pembeni uliyodhani sitayaona.

Unauliza kwa nini siji Kurui kumtoa mwali. Unauliza kama mtu anayedhani nimefungwa na starehe. Wifi, najua binti yako Sikudhani yumo ndani tangu mavuno ya mwaka jana. Najua pia kwamba kwetu mwali havuki kizingiti mpaka shangazi amshike mkono, na shangazi ni mimi peke yangu, kwa sababu marehemu baba alizaa wanaume mfululizo, mimi nikaja mwishoni kama samaki wa nyongeza. Hayo yote nayajua. Lakini sikiliza na ya huku.

Wenzetu watatu walichukuliwa kwenda Kagera vita vilipoanza. Vita tunaambiwa vimekwisha, wao hawajarudi. Wodi nzima tumebaki mimi na Redempta. Vitanda ni vilevile, wagonjwa wameongezeka, wanalala mzungu wa nne, na asubuhi ukichoma sindano lazima kwanza uulize mguu huu ni wa nani. Sabuni hakuna. Sindano tunachemsha mpaka sufuria imechoka kuliko sisi. Juzi nilikuwa kwenye foleni ya sukari, zamu yangu ikafika, muuzaji akaniuliza ninataka kiasi gani. Nikamwambia afungue mdomo atoe ulimi. Akautoa, wifi. Na waliokuwa nyuma yangu wakaanza kutoa zao.

Nilikwenda kuomba likizo kwa Matroni wetu, Bibi Laurentia. Huyu ni Mnyamwezi wa Tabora, mwembamba, hajawahi kuonekana amekaa. Akipita koridoni funguo zake zinalia na sisi tunaamka tukiwa wima. Aliniambia hivi: "Likizo zote zimesitishwa mpaka wenzenu warudi. Labda msiba. Na msiba wenyewe uwe wa mzazi, mume au mtoto. Sista, una msiba?"

Nikasema sina. Nilisema kwa masikitiko, Mungu anisamehe.

"Basi kachemshe sindano," akasema.

Ndiyo hali, wifi. Msalimie kaka Mwinyimadi, na mama mpe shikamoo yangu. Sikudhani mwambie shangazi anamkumbuka, avumilie.

Ni mimi wifi yako,
Mwanajuma

*

Kurui, Kisarawe.
9 Juni 1979

Wifi Mwanajuma,

Barua hii naiandika kwa mkono wangu, ujue hivyo. Nimemaliza darasa la elimu ya watu wazima, na mwalimu amesema mwandiko wangu umempita kaka yako. Kaka yako hajafurahi.

Wewe umechoka, tumesikia. Na sisi tunalima shamba la kijiji mpaka adhuhuri, na la kwetu mpaka jua linazama, na hakuna aliyetuvika kofia nyeupe. Lakini siandiki kwa ugomvi. Naandika kwa sababu mambo yameharibika.

Mwanangu aliingia ndani akiwa kama upondo wa kuangulia mapapai. Sasa kitanda kinalia. Hana la kufanya ila kula na kuchungulia kwenye tundu la ukuta, na habari za kijiji anazipata kabla ya mwenyekiti. Ijumaa alikuja mama yake Maneno, yule kijana aliyeleta posa. Akakaa, akanywa chai yenye sukari yote iliyokuwamo nyumbani humu, ndipo akasema mwanawe hawezi kungoja zaidi. Unajua mwenyewe ngoma haipigwi ndani ya mfungo. Mwezi wa Ramadhani ukiandama Sikudhani bado yumo ndani, wanachukua posa yao, na kuna binti wa Maneromango ameshaanza kutazamwa. Mwanangu alisikia yote kwenye lile tundu. Siku ile hakula, wifi, na kwa Sikudhani hilo si jambo dogo.

Nilimsomea mama barua yako. Akasikiliza, akasema, "Rudia pale pa Mnyamwezi." Nikarudia. "Rudia pale pa msiba." Nikarudia. Akatafuna tambuu yake, akatema, akauliza, "Mzazi?" Nikasema ndiyo, mzazi. Akasema, "Mzazi si ndiye miye."

Sasa amekaa hapa ubavuni kwangu, anataka niandike maneno yake kama yalivyo, nisipunguze wala nisipambe:

"Mwanajuma mwanangu. Miye nimekubali kufa. Si kufa kwa kweli, kufa kwa simu. Mwinyimadi atakwenda posta Kisarawe, atapiga simu ya maandishi kwamba mama yako kafariki. Waambie ni homa. Usiwaambie tumbo, sitaki watu wa Kibaha wanijue kwa tumbo. Waambie nilikuwa mzuri. Ukija, umtoe mwali, urudi kazini kwako, na miye nitafufuka polepole bila kelele. Mama yako Mwamvita, niliye hai."

Nimeandika kama alivyosema. Mimi sikushauri lolote, ingawa naona ni akili.

Wifi yako,
Mwanahalima

*

Kibaha,
17 Juni 1979

Mama, shikamoo. Wifi, hujambo.

Naomba mama asife. Naomba sana. Huku vifo tunaviandika kila wiki, sitaki jina la mama yangu litajwe mbele ya Matroni hata kwa uongo. Na ikijulikana nafukuzwa. Nikifukuzwa nitarudi Kurui kulima na wifi, na kwa barua zake hizi naona hatutafika palizi.

Wifi unadhani natia chumvi ninaposema nimechoka. Wiki hii nilipita koridoni nikasema shikamoo. Kimya. Nikarudia. Kimya. Nikaudhika kabisa, nikasema watu wa siku hizi hawana adabu. Redempta akanishika bega akaniambia ule ni ukuta.

Na jana kuna mama mmoja wa shinikizo la damu, nilikaa kitandani kwake nikampa mawaidha. Nikamwambia apumzike, alale mchana, ale kwa wakati, asibebe mambo ya watu wote kichwani. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na wewe je, Sista?" Wifi, nilitoka pale nikaenda stoo ya mashuka kulia. Nilipofungua mlango nikamkuta Redempta ameshafika, analia. Ikabidi tupeane zamu, maana stoo yenyewe ndogo.

Nataka kuja. Usiku na mchana nataka kuja. Nilimbeba Sikudhani mgongoni kabla hajajua kusema jina langu, unadhani napenda mkono mwingine umtoe? Lakini jibu langu ni hapana. Msipige simu.

Ila namjua mama. Kama atang'ang'ania, basi asife Jumatatu. Jumatatu ni raundi ya daktari, hatoki mtu hata kwa msiba wa kweli. Afe Jumanne.

Ni mimi,
Mwanajuma

*

SIMU YA MAANDISHI
Posta Kisarawe, Jumanne 3 Julai 1979

KWA SISTA MWANAJUMA HOSPITALI KIBAHA

MAMA AMEFARIKI HOMA. ALIKUWA MZURI. NJOO UPESI. MAMA ANAKUSALIMU SANA.

MWINYIMADI

*

Kibaha,
Jumatano, 4 Julai 1979

Wifi,

Hivi kaka yangu aliyesoma mpaka darasa la saba hajui kwamba maiti hasalimu? Najua, najua, amefundishwa kuwa barua bila salamu ni utovu wa adabu. Lakini jamani.

Simu ilipitia ofisini kwanza. Nilipoitwa Matroni alikuwa nayo mkononi. Akaisoma, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Kisha akanisogezea kiti. Wifi, kiti. Akasema, "Pole sana, Sista. Nenda kamzike mama yako." Nikajibu asante kwa sauti inayotetemeka, na sikuwa naigiza. Nadhani macho yake hayakufika kwenye salamu. Namwomba Mungu yasiwe yamefika.

Nikaenda chumbani kufunga mzigo. Nikakaa kitandani nivue viatu vya kazi. Nilivua kimoja.

Nilipofungua macho jua lilikuwa linaingia dirisha la upande mwingine. Nikajua nimechelewa basi, nikatoka mbio na kiatu kimoja. Nje nikamkuta mpishi wa hospitali. Akaniuliza, "Umesharudi kuzika?" Nikamwambia ndiyo kwanza naondoka. Akanitazama. Wifi, jana imepita na mimi simo. Nimelala tangu Jumanne mchana, na leo ni Jumatano mchana.

Hilo si baya. Baya ni hili. Mpishi anasema asubuhi hii Matroni, Redempta, dresa wetu wa vidonda Telesphory na dereva Abeid wamepanda Landrova, wamepakia mchele na kanga za rambirambi, wamekuja Kurui kunizikia mama. Wodi wameachiwa wanafunzi na Mganga Mkuu mwenyewe, ambaye ameonekana akichemsha sindano.

Wako kwenu sasa hivi. Mimi sipo, na mama yupo.

Nimejifungia ndani. Nikija watanikuta natokea Kibaha, uso umevimba kwa usingizi, na nitasema nini? Nisipokuja Sikudhani wangu anaozea mle ndani. Kondo anapita akirudi huko, nampa barua hii. Nijibu ukweli, usinifiche kwa huruma. Wamemwona mama? Ngoma zilikuwa nje? Kazi ninayo?

Mwanajuma,
mtoto wa marehemu

*

Kurui,
Alhamisi, 5 Julai 1979

Wifi,

Kaa chini kwanza. Ukishakaa, usivue viatu.

Redempta atakuwa amekusimulia nusu, lakini nusu nzuri hakuiona, alikuwa nyuma ya nyumba kwenye viazi. Nitaeleza.

Jana sisi tulikuwa tunakungoja wewe. Mzee Mashaka na wenzake wameshawamba ngoma, wanaziotesha moto uani. Wanawake wanatwanga. Kaka yako anafukuzana na mbuzi. Mara Sikudhani akaita kwenye tundu lake kwamba kuna gari lenye msalaba linakuja. Tukasema ni wewe, umeletwa kwa heshima na gari la hospitali. Tukatoka mpaka barabarani na vigelegele. Gari likasimama, akashuka mwanamke mwembamba mwenye funguo.

Nikawafinya wanawake walie. Wakalia. Vigelegele vikageuka kilio palepale midomoni, hata usingejua vilipoishia.

Mama alikuwa jikoni anaonja mchuzi. Hapakuwa na nafasi ya kumficha, nikamtupia kanga kichwani, nikamkalisha jamvini na bibi wenzake, nikamwambia wewe ni dada wa marehemu. Akakubali upesi mno. Akaanza kulia kuwashinda wote. "Dada yangu Mwamvita, mwanamke msafi, mpishi, mkarimu, hajagombana na mtu." Majirani walikuwa wanamfuata vizuri tu, lakini pale pa kutogombana wakanyamaza wakatazamana.

Kaka yako aliwaambia tumeshazika, kwetu maiti hakai. Redempta ana maua mkononi, akaomba aonyeshwe kaburi. Kaka yako akababaika, akampeleka nyuma ya nyumba kwenye tuta jipya la viazi. Redempta akapiga magoti, akaweka maua, akafanya ishara ya msalaba. Telesphory akavua kofia. Kaka yako naye ikabidi avue. Sasa anasema viazi vile hataweza kuvichimba, anaona haya.

Na huku uani, wifi, kuna jambo moja tulilisahau sote, na wewe msomi wetu ukalisahau pia. Mnyamwezi ni mtani wetu. Na mtani akija msibani haji kulia.

Matroni wako aliingia uani akalitazama jamvi. Akafunga kanga kiunoni. Akabwaga funguo chini. Akasema kwa sauti ya sokoni, "Yuko wapi huyo Mzaramo aliyekufa? Nasikia alilala mchana akaona uvivu kuamka." Watu wakaanza kutikisika chini ya kanga zao. Akachota unga kwenye kinu akajipaka uso mzima. Akanyakua mchi, akakaa nao mlangoni, akasema hapiti mtu mpaka apewe kuku. Akasema marehemu alikuwa na sauti ya bata. Mama akapunguza kilio. Akasema marehemu alikuwa mchoyo, mgeni akibisha hodi anaficha chungu mvunguni. Mama akaacha kulia kabisa. Nikamfinya paja. Matroni akasogea jikoni, akachovya kidole kwenye mchuzi, akalamba, akatafakari, akasema, "Na mchuzi wake huu walikuwa wanaoshea miguu."

Mama akasimama. Kanga ikaanguka.

"Mchuzi wangu miye? Mnyamwezi weye, babu zako walibeba pembe kutoka Tabora mpaka pwani kwa miguu kwa kufuata harufu ya mchuzi huu, leo weye unaoshea miguu?"

Mzee Mashaka, ambaye hakuna aliyemwambia lolote tangu asubuhi, akaijaribu ngoma yake, ikalia dum.

Matroni akamtazama mama kuanzia miguuni mpaka kichwani. Kisha akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, marehemu," akasema.

"Marahaba," mama akajibu.

Wifi, Matroni alicheka mpaka unga ukawa tope machoni. Alicheka akaegemea mchi. Mama naye akashindwa, akacheka, na sisi sote. Unajua kwenye utani atakayenuna ndiye aliyeshindwa, na huyo Matroni wako si mtu wa kushindwa.

Kicheko kilikatika Redempta aliporudi kutoka kwenye viazi. Akauliza, "Na Mwanajuma mwenyewe yuko wapi, tumpe pole?"

Mama akamwambia, "Si mmekuja naye?"

"Si alitangulia jana?"

Mama alikwenda mpaka kwenye gari akachungulia ndani, viti vya mbele na vya nyuma. Kisha akakaa vumbini palepale. Akasema, "Nimejifia kwa mchezo, na Mungu kamchukua mwanangu badala yangu." Hapo hapakuwa na wa kuigiza. Na mimi nililia, wifi. Nilikumbuka lile neno langu la kofia nyeupe, nikatamani niilambe ile barua wino utoke.

Matroni akaja akapiga magoti vumbini na uso wake wa unga, akamshika mama mikono yote miwili. Akamwambia, "Mama, mwanao yuko hai. Mwanao kalala. Najua anavyotembea. Nilimwona akiuamkia ukuta. Nilimwona akiingia stoo ya mashuka, na kinachofanyika mle stoo nakijua, maana mimi ninayo yangu, nyuma ya kabati la ofisi." Akamwamuru Abeid awarudishe wenzake Kibaha wakutafute, na yeye akasema atabaki na mama mpaka habari ipatikane. Akaomba akae jamvini kidogo tu.

Hata gari halijapotea machoni, amelala. Mchi bado anao mkononi.

Kondo alifika magharibi na barua yako. Nilimsomea mama. Pale pa kiatu kimoja alinirudisha mpaka nikapajua kwa moyo. Akasema alhamdulillahi, kisha akasema wewe ni mzembe tangu utoto. Akamfunika Matroni kanga yake mwenyewe, ile mpya, ambayo mimi sijawahi kuruhusiwa kuigusa.

Na mpaka naandika sasa hivi asubuhi, bado amelala. Aliamka mara moja akala wali na ule mchuzi, sahani mbili, hakusema neno la miguu. Akauliza tunamtoa mwali lini. Nikamwambia tunakungoja wewe. Akasema ruhusa ya msiba haijaisha, na marehemu bado hajatulia. Akarudi kulala.

Kesho gari linakuja kumchukua, ingawa amesema haondoki kabla ya ngoma. Panda uje. Ngoma ni Jumamosi. Kaka yako amemkamata mbuzi. Sikudhani anauliza kama bado unamkumbuka sura, maana amebadilika.

Uje na viatu vyote viwili.

Wifi yako anayekupenda, na hili usimwonyeshe mtu,
Mwanahalima

*

Ofisi ya Matroni,
Kibaha.
16 Julai 1979

Bi. Mwamvita (Marehemu),
Kurui, Kisarawe.

Ndugu Marehemu,

Yah: KIFO CHAKO CHA TAREHE 3 JULAI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Napenda kukuarifu kwamba Sista Mwanajuma amerudi kazini na anaendelea vizuri. Amepewa onyo kali kwa mdomo. Nililitoa mbele ya Sista Redempta, ambaye alicheka, kwa hiyo amepewa na yeye. Kuanzia wiki hii kila nesi wa wodi ile anapata mchana mmoja wa kulala, kwa zamu, na hilo ni agizo, si ombi. Nimeamuru pia viti viwili viwekwe stoo ya mashuka. Mganga Mkuu, baada ya kuchemsha sindano kutwa nzima, amewaandikia watu wa Wizara kuhusu upungufu wa wauguzi. Mimi nilishawaandikia maneno hayohayo mara nyingi bila jibu. Yeye amejibiwa. Wawili kati ya waliokwenda Kagera wanarudi mwisho wa mwezi.

Mama, sasa naacha maneno ya ofisi.

Nataka ujue kwamba ile simu niliisoma mpaka mwisho. Nimewafumba macho marehemu wengi katika kazi hii na hakuna hata mmoja aliyenisalimu baadaye. Nilijua palepale. Nilikuwa na haki ya kumfukuza mwanao kabla hajakaa kwenye kile kiti. Lakini nilipofuta miwani niliona kitu kingine: kwamba kuna msiba kwa watani zangu, na kanuni inaruhusu hospitali kupeleka watu msibani. Na mimi geti lile nilikuwa sijalivuka muda mrefu mno, mama.

Mwaka juzi mama yangu mzazi alifariki Tabora. Simu ilikuja mezani kwangu. Mwenye madaraka ya kumruhusu mtu kwenda msibani ni mimi. Nikaitazama wodi, nikawatazama manesi niliokuwa nao, nikajinyima ruhusa. Sikulia, hapakuwa na nafasi. Nimelia kwako, chini ya ule unga, wakati nakutukana. Nyinyi mlidhani ni kicheko. Kilikuwa kicheko pia.

Jumamosi nilimwona Mwanajuma akimshika Sikudhani mkono akimvusha kizingiti, na binti yule akimwinamia begani, na mwanao analia huku anacheza, yuko macho kabisa. Nikasema moyoni, nimewanyima wangapi kitu kama hiki.

Nasikia harusi ya Sikudhani na Maneno ni baada ya mfungo. Kwa kanuni niliyoiweka mwenyewe, mtu hatoki hapa ila kwa msiba wa mzazi, mume au mtoto. Mume sina, mtoto sijajaliwa, na wazazi wote wameshatangulia. Mganga Mkuu hana habari hiyo ya mwisho. Sina mtu wa kunifia, mama. Ndiyo maana naandika kukuomba, kwa haki ya utani, uniazime marehemu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Laurentia

Nyongeza: Mchuzi ulikuwa mzuri sana. Nilisema vile kwa ajili ya kazi.

*

SIMU YA MAANDISHI
Posta Kisarawe, Jumanne 4 Septemba 1979

KWA MATRONI LAURENTIA HOSPITALI KIBAHA

MAMA YAKO AMEFARIKI TENA. HOMA ILEILE. NJOO UPESI MCHUZI UKO MOTONI. MAMA YAKO ANAKUSALIMU SANA.

MWAMVITA